Maneno ya Jaji Aliyeshindwa

Nianze na upumbavu wangu mwenyewe, maana majirani wameshausimulia vya kutosha na mimi nina haki ya kuusimulia walau mara moja. Mimi ndiye mtu aliyefukiza udi nyumba nzima, akapiga vigelegele peke yake sebuleni, akamtumia nduguye aliyeko Amerika ujumbe wa sauti, kisha akawatangazia wanawake wa mtaa kwamba tumeshinda kesi. Kumbe niliyoyasikia yalikuwa maneno ya jaji aliyeshindwa.

Utasema, jaji anashindwaje? Jaji si ndiye anayeamua nani kashindwa? Nami nilidhani hivyo. Kule Amerika, kwenye mahakama ya rufaa, kesi husikilizwa na majaji watatu. Wakihitilafiana, wawili wakasema hivi na mmoja akasema vile, wale wawili ndio wenye hukumu. Lakini yule mmoja hafungwi mdomo. Anapewa nafasi aandike kwa nini wenzake wamekosea, na aliyoyaandika yanatoka pamoja na hukumu, yamefungwa kitu kimoja, na mara nyingi yanasomeka vizuri kuliko hukumu yenyewe. Nguvu hayana. Ni kama mtu aliyekataliwa posa halafu akaruhusiwa kutoa hotuba siku ya harusi.

Mimi niliisikia hotuba nikadhani huyo ndiye bwana harusi.

Kwetu ni Sib, huku Oman, kwenye mtaa ambao ndege hupita juu ya mapaa zikiteremka uwanjani. Nilikuwa nikikaa na mama yangu, sisi wawili. Mimi si mtu wa kutoka. Matrah, ambako wenzangu wanakwenda jioni kupunga upepo na kununua vitambaa, kwangu ni safari inayotaka maandalizi na dua. Nimesoma mpaka thanawiya, yaani sekondari, nikapata cheti, nikakitia kwenye fremu, na hiyo ndiyo safari ya mwisho iliyofanywa na elimu yangu: kutoka kabatini hadi ukutani. Mume niliwahi kuwa naye muda mfupi. Yeye alikuwa mtu wa matembezi.

Mama alizaliwa Unguja, akaja Oman msichana. Kiarabu alikitumia kwa daktari na kwa muuza samaki, Kiswahili kwa watu aliowapenda. Alipoanza kuumwa moyo alikataa kulala chumbani, akasema chumbani wanalazwa wagonjwa. Tukamwekea kitanda sebuleni, karibu na dirisha, na hapo akaitawala nyumba kwa sauti tu, bila ya kuinuka.

Kitinda mimba wake ndiye huyo ndugu yangu. Alikwenda Amerika kusoma, akaoa kule, akapata binti, akaomba ukaazi wa kudumu. Ombi likakaa. Na sheria yao, nieleze ili usipotee, ni hivi: mwenye ombi ambalo halijajibiwa akitoka nchini bila ya ruhusa maalumu ya kusafiri na kurudi, huhesabiwa kuwa ameliacha ombi lake mwenyewe. Anafutwa. Kurudi kwake kunaweza kuchukua miaka, au kusiwepo. Zamani mtu mwenye mzazi mahututi aliweza kwenda ofisini na barua ya daktari, akapewa ruhusa haraka. Halafu ofisi ikatoa kanuni mpya: hakuna tena haraka, kila mtu apange foleni ya kawaida. Foleni ya kawaida ilikuwa ndefu kuliko umri uliobaki kwenye moyo wa mama yangu. Daktari wa kwetu alishatuambia, si kwa maneno hayo, lakini alituambia.

Watu wengine wa kule, wenye wazee wao wagonjwa nchi nyingine, wakaishtaki ile ofisi. Kesi ikasikilizwa na jaji wa kwanza, akaisimamisha kanuni. Serikali ikakata rufaa, na kanuni ikaendelea kufanya kazi mpaka rufaa iamuliwe. Bahati ilitaka iwe ni mahakama ya rufaa ya upande ule ule anaokaa ndugu yangu. Kwa hiyo majaji watatu nisiowajua, waliokuwa hawajui hata Sib iko wapi, ndio waliokuwa wanaamua kama mama yangu atamwona mwanawe.

Hapo ndipo nilipoanza uwakili wangu.

Baada ya chakula cha mchana, nyumba zikilala, wenzangu hutazama tamthilia za Kituruki. Mimi nilikuwa nikimtazama mzee mmoja wa Kimarekani, wakili mstaafu, anayekaa mbele ya kabati la vitabu na kueleza kesi kwenye mtandao. Suruali yake inashikiliwa na mikanda miwili inayopita mabegani, basi nyumbani tulimwita mzee wa mikanda. Nilianza kumtazama kwa ajili ya ndugu yangu, nikaendelea kwa ajili yangu. Kwa Kiingereza changu cha shule na maandishi yanayopita chini ya picha, nilimfuata mwanamke aliyekatazwa kusuka nywele za watu mpaka akasome chuo cha urembo. Nilimfuata mkulima aliyeambiwa dimbwi la shambani kwake ni mto wa taifa. Nilimchukia mwanasheria mmoja wa serikali kama vile alinichumbia akaniacha.

"Kasemaje leo huyo bwana wako?" mama aliniuliza kila akisikia sauti ya mzee.

"Si bwana wangu, mama."

"Basi tafuta mwengine. Huyu unakaa naye kila siku hata posa hajaleta."

Kitu nilichokipenda zaidi katika sheria zao ni hiki. Ofisi ya serikali ikitaka kuweka kanuni inayowabana watu, haiwezi kuamka nayo tu asubuhi. Inatakiwa kwanza iitundike hadharani, kama nguo kwenye kamba, watu wapite waitazame, waseme hapa pamechanika, hapa panabana. Mtu yeyote anaweza kuandika maoni, na ofisi inatakiwa kuyasoma na kuyajibu. Nilipolisikia hilo niliirudisha video nyuma nikalisikia tena. Mimi nikitoa kanuni ya viatu vikae nje ya mlango sisubiri maoni ya mtu. Na kesi ya wale wenye wazee wao ilisimama hapo hapo: waliilalamikia ofisi kwamba imeibadilisha njia ya dharura bila ya kuitundika kanuni kwenye kamba.

Asubuhi wanawake wa mtaa wetu hunywa kahawa kwa zamu, leo nyumba hii, kesho ile, tende katikati na maneno pembeni. Zamu ikiwa si kwangu nilikuwa sendi. Lakini mama alipolazwa sebuleni wakawa wanakuja wao, wanakaa kumzunguka kitanda, na mimi nikapata baraza bila ya kuvuka kizingiti. Nikawa natoa darasa.

"Haya, wakili," wananiambia, "Amerika leo wamehukumu nini?"

"Hawajahukumu. Wanasikiliza hoja."

"Tangu mwezi uliopita wanasikiliza! Hawana kazi nyingine?"

Mkubwa wao alikuwa jirani yangu wa ukuta, bibi aliyezaliwa Tabora, anayesema kitu kama kilivyo hata kama hakijaulizwa. Namwita khala, yaani mama mdogo, ingawa hatuna damu. Siku ya kwanza tulipohamia, mimi bado kijana, alinitazama juu mpaka chini akasema, "Wewe utazeekea humu ndani." Sijapata kusomewa hukumu fupi zaidi, wala iliyotekelezwa kwa ukamilifu zaidi.

Sasa siku yenyewe. Nilikuwa na pilau jikoni. Simu ikalia kuniambia mzee wa mikanda ametoa jambo jipya, na nilipotazama nikaona ni mahakama yetu, kesi yetu. Nilikaa pembeni ya kitanda cha mama, nikafungua. Mzee akasalimia, akashukuru watazamaji, akaanza kueleza historia ya kesi ambayo mimi naijua kuliko ninavyomjua binti wa ndugu yangu. Nikasikia harufu. Nikakimbia jikoni kupunguza moto, nikageuza, nikafunika tena, nikarudi.

Katika muda huo ndipo alipotaja nani kashinda.

Niliporudi alikuwa anasoma. Anasoma kwa sauti nzito, miwani imeshuka puani, na kila akimaliza kifungu anatazama juu kama mtu aliyeonja kitu kitamu. Nilisikia kwamba ofisi imekosea. Nilisikia kwamba kwa mtu ambaye mzazi wake yuko kufani, foleni si utaratibu wa ndani wa ofisi, foleni ndiyo jibu lenyewe, na jibu ni hapana. Nilisikia kwamba watu walikuwa na haki ya kuulizwa. Sikusikia zaidi ya hapo kwa sababu nilikuwa napiga vigelegele.

Pilau haikuungua. Mimi ndiye niliyeungua, ila moshi ulichelewa kuonekana.

"Nini?" mama akauliza.

"Wamekubali, mama! Kanuni imevunjwa. Atapewa ruhusa. Anakuja!"

Mama aliinua viganja vyake viwili, akavitazama, akajipangusia uso. Halafu akaniambia, "Lile godoro la chumba chake lina unyevu. Litoe juani."

Nilimtumia ndugu yangu ujumbe wa sauti ambao hata leo sijathubutu kuusikiliza. Nilitoka, mimi, kwa miguu yangu, nikagonga milango. Kabla ya laasiri nyumba ilikuwa imejaa. Khala alikuja na halua ya moto kutoka sokoni, kwenye sahani yake ya kauri yenye maua ya buluu ukingoni. Mama, ambaye siku nyingi alikuwa hapitishi ila uji, alitia vidole kwenye ile halua akala, akalamba vidole, akatia tena. Khala alikaa akimtazama anavyokula. "Kula," akamwambia. "Akija mtoto asikute mifupa."

Kwetu sahani ya jirani ikija na kitu hairudi bila ya kitu. Unaweka ulichonacho, vitumbua, tende, hata ndimu chache ukikosa kabisa. Siku ile zilikuja nyingi, nami nilizirudisha zote na pilau. Ya khala niliibakisha mwisho, nimwekee kitu cha maana zaidi. Nilikuwa nimeisimamisha juu ya meza ya jikoni, nafikiri niiwekee nini, simu ilipolia.

Kwangu ilikuwa jioni, kwake mchana.

"Dada," akasema, "ile video uliitazama tangu mwanzo?"

"Nimeitazama."

"Tangu mwanzo?"

"Kasoro pilau."

Akacheka. Alicheka kama tulivyokuwa tukicheka utotoni nikishikwa na jambo. Kisha kicheko kikamwishia.

"Dada yangu, yule uliyemsikia ni mmoja. Wawili wamekataa. Nimempigia wakili saa ya chakula. Kanuni iko pale pale."

Nilikaa chini, sakafuni, pale pale mbele ya jiko. Aliniambia alishaaga kazini. Alishamwambia binti yake anakwenda kumwona bibi, na mtoto akamkabidhi mdoli wake amletee bibi alale nao. Nikamwomba radhi. Nikaiomba kwa lugha zote nilizonazo.

"Usiniombe radhi," akasema. "Nilikuwa na furaha asubuhi nzima. Sijapata furaha ya muda mrefu hivyo tangu mama aanze kuumwa." Halafu akauliza, "Dada. Nije hivyo hivyo?"

Kuja hivyo hivyo maana yake niliijua, darasa nililitoa mwenyewe. Angemwona mama, na huenda asimwone tena mwanawe mpaka awe mtu mzima. Mwanasheria mzima, mwenye kabati la vitabu la kuazima, sikuwa na neno hata moja.

Nilimwambia mama kesho yake. Nilitaka nimpeleke polepole, nianze na historia ya kesi, lakini mama alinikatiza.

"Godoro umelitoa juani?"

"Mama, nilikosea."

Nikamweleza. Majaji watatu, wawili hivi, mmoja vile, na mimi niliyemsikia yule mmoja. Alisikiliza macho yakiwa dirishani. Ndege ikapita, akangoja ipite.

"Huyo mmoja," akasema, "mwanamme au mwanamke?"

"Mwanamke."

"Nilijua. Na hao wawili wasemaje? Lazima na wao wana lao."

Mama yangu alikuwa mwadilifu kuliko mimi. Nilikuwa nimewachukia wale wawili usiku kucha bila ya kuwasoma. Nikarudi kwa mzee wa mikanda, safari hii tangu salamu, nikamfasiria. Wao walisema ofisi haikuweka kanuni mpya. Ruhusa haikufutwa, mtu bado anaweza kuiomba. Ofisi imepanga tu foleni yake yenyewe, na kupanga foleni yako hakuhitaji kuuliza mtu.

"Si wajinga hao," mama akasema.

"Si wajinga."

"Lakini hawajapata kukaa foleni na roho inatoka." Akanionyesha simu kwa kidole. "Nisomee tena yule mwanamke."

Nikamsomea. Nilifasiri neno kwa neno, Kiingereza kikinishinda natia Kiarabu, Kiarabu kikinishinda nanyoosha mikono. Nilipofika mahali pa foleni kuwa ndiyo jibu lenyewe, aliniambia nirudie. Kisha akasema yale ambayo mimi nilikuwa siwezi kuyasema kwa simu.

"Mwambie asije."

"Mama."

"Mwambie nimekataa mimi. Mimi mama yangu nilimuacha Unguja nikamwambia narudi baada ya skukuu. Sikumuona tena. Nnajua mtoto anayengoja mzazi huwa vipi, na nnajua mzazi anayengoja mtoto huwa vipi. Mzazi ashakula chumvi yake. Akae na mwanawe."

Nilimpigia mbele yake, nikampa simu. Sitayaandika waliyoambiana. Kwa kweli mengi sikuyasikia, nilikwenda jikoni kugeuza kitu ambacho hakikuwapo.

Tangu hapo kila baada ya chakula cha mchana mama hakutaka tena habari za wasuka nywele wala wakulima. "Nisomee yule mwanamke," ananiambia, nami nasoma. Alimtia kwenye dua zake. Aliniuliza jina lake, nikamtajia, likamshinda ulimi, akasema basi, atamwita yule mmoja, Mungu anamjua ni nani. Nilimweleza kwamba maneno yale hayana nguvu, ni ya upande ulioshindwa. Nilimweleza kwa sababu nilishaumwa na matumaini na sikutaka yamuume na yeye.

"Nimesikia," akasema. "Kwani mimi nimekwambia yana nguvu? Soma."

Wanawake wa kahawa niliwaambia mwenyewe. Nilifikiri watanicheka, na walinicheka, kwa huruma, jambo ambalo ni baya zaidi. "Wakili wetu kashindwa kesi aliyoshinda," mmoja akasema. Khala hakucheka. Alimwaga kahawa kwenye vikombe, akampa mama cha kwake nusu, akazungumza habari za bei ya papa. Kuhusu sahani yake hakuuliza, nami sikuitoa. Ningeweka nini juu yake? Ilikuja na pongezi. Pongezi za nini ningerudisha? Nikaifuta vizuri nikaiweka juu ya kabati, na kila nikifungua mlango wa kabati naiona inanitazama na maua yake.

Mama alifariki asubuhi, chai yake imeshapoa kiasi anachokipenda. Nilikuwa nimegeuka kuchukua kijiko.

Kwetu maiti hacheleweshwi. Kabla ya laasiri walikuwa wamekwisha kumwosha, kumkafini, kumswalia, na wanaume wamemchukua. Wanawake tulibaki nyumbani na udi na Kurani. Mtoto wa ami yetu alikwenda makaburini na simu mkononi, akamwonyesha ndugu yangu yote, tangu jeneza linaposhushwa mpaka udongo wa mwisho. Kwa hiyo mimi niliyekaa naye, niliyemlisha na kumnyoosha miguu, sikuliona kaburi lake siku ile. Aliliona yeye, upande wa pili wa dunia, kwao alfajiri, amekaa ndani ya gari lake nje ya nyumba ili asimwamshe mtoto.

Alinipigia baadaye.

"Wamemweka vizuri?" nikamuuliza. Mimi, wa Sib, namuuliza mtu wa Amerika.

"Vizuri, dada. Kuna mawe mengi, lakini wameyaondoa makubwa. Kuna mzee mmoja alikuwa anayaondoa kwa mkono, moja moja. Simjui."

"Mrefu?"

"Mrefu, kilemba cha rangi ya kahawia."

"Huyo mume wa khala."

"Nishukurie."

Siku za msiba zikaisha, watu wakatawanyika, kitanda kikarudishwa chumbani. Nilikuwa nikipika chakula cha watu wawili kwa mazoea, halafu nakula cha mmoja nikitazama kingine. Mzee wa mikanda nilimwacha. Alikuwa akiniletea kesi mpya kila siku, simu inalia, namzima. Majirani walinikaribisha kahawa kwa zamu zao na mimi nikatoa udhuru mpaka wakachoka kualika na wakaanza kuja bila ya kualikwa. Nilimimina kahawa. Hakuna aliyeniuliza Amerika wamehukumu nini.

Miezi ikapita. Kisha siku moja simu ikalia, na kabla sijaizima nikaona ni kesi yetu.

Sikuwasha jiko siku ile. Nilizima hata feni isinipotezee neno. Nilikaa mahali palipokuwa na kitanda, nikamtazama yule mzee tangu salamu mpaka kwaheri, nikamrudia tena. Wale walioshindwa walikuwa wameomba mahakama ile isikilize upya, safari hii majaji wote wakae pamoja, si watatu tu. Jambo hilo hukubaliwa kwa nadra. Likakubaliwa. Na majaji wengi wakaona kwamba aliyekuwa sahihi ni yule mmoja. Kanuni ikavunjwa. Mzee alisoma vifungu vya hukumu mpya, nami midomo yangu ikawa inakwenda mbele yake kwa Kiswahili, maana vilikuwa ni vile vile, foleni na jibu na hapana, vimehamishwa kutoka nyuma vikaletwa mbele. Nilivijua kwa moyo. Nilikuwa nimevisoma mchana baada ya mchana kwa mtu aliyekuwa akiniambia nirudie.

Sikupiga vigelegele. Sikumtumia mtu ujumbe. Nilingoja apige yeye.

"Umesikia?" akauliza.

"Nimesikia. Tangu mwanzo."

"Wakili anasema njia ya zamani imerudi. Mtu mwenye dharura anaweza kupewa ruhusa haraka."

"Alhamdulillahi."

"Dada," akasema, na sauti ikawa ya yule mtoto niliyekuwa nikimfunga viatu. "Dharura ipi?"

Sikulifikiria hilo. Nilisikiliza video mara mbili na sikulifikiria. Mlango ulikuwa umefunguliwa kwa watu wenye mgonjwa, na sisi hatukuwa tena na mgonjwa.

"Mimi," nikamwambia. "Waambie una dada yako Sib anakula peke yake."

"Hiyo hawaikubali."

"Wakatie rufaa."

Alicheka kidogo, nami nikacheka kidogo, na nyuma yake nikamsikia mtoto anauliza kwa Kiingereza baba anacheka nini. Tukaagana. Atakuja siku ombi lake likijibiwa, kwenye foleni ya kawaida, kama watu wote. Godoro la chumba chake nalitoa juani kila baada ya muda, kwa sababu lina unyevu.

Kesho yake nikaamka nimeshaamua. Kesi ilikuwa imekwisha, na kwa njia halali kabisa tulikuwa tumeshinda. Nikaloweka mchele, nikausaga na nazi, nikapika vitumbua, nikateremsha ile sahani ya maua ya buluu juu ya kabati, nikaifuta vumbi na kuipangia vitumbua mpaka ikajaa. Nikaifunika na kitambaa safi, nikavaa buibui, nikatoka. Jua lilikuwa kali na mlango wa khala ulikuwa mbali kuliko nilivyokumbuka.

Alifungua mwenyewe. Alifunua kitambaa kwa kidole kimoja.

"Vya nini hivi?"

"Tumeshinda, khala. Mahakama imehukumu upya, majaji wote. Safari hii kweli, nimetazama tangu mwanzo."

"Anakuja lini ndugu yako?"

"Haji. Ruhusa ni ya wenye dharura."

Alinitazama kama alivyonitazama siku ile tulipohamia, juu mpaka chini, kwa utulivu, hana haraka. Akakirudisha kitambaa, akakibonyeza pembeni kisipeperuke.

"Halua ile nilimletea mama yako," akasema, "akala, akafurahi, ikaisha, sikudai kitu. Hivi vitumbua kavile mwenyewe, mimi nipe sahani yangu tupu."